Kisanduku Kilichobisha Hodi

“Usinieleze mambo ya anwani,” wifi yake alimkatiza Mama Kanuni. “Nieleze miche yangu imekufaje.”

“Ndiyo hayo hayo ninayokueleza. Anwani ya mtumaji ilikuwa mbovu. Seva ikakataa kuipokea barua.”

“Ile seva ya zamani mbona ilikuwa inaipokea?”

“Ile ya zamani ilikuwa inapokea kila takataka.”

Neno lilipomponyoka, Mama Kanuni alitamani kulirudisha kinywani, lakini lilikuwa limeshafika. Wifi yake alikuwa amesimama katikati ya chumba cha seva na koti lake jeupe la maabara, mikono imelowa hadi viwikoni, na kwenye kidole gumba kuna kipande cha jeli kilichogandia. Alikitazama kile kipande, akakipangusa kwenye koti, akasema polepole kwamba sawa, basi takataka zake zipo juu ghorofani, zimejaa mabeseni matatu, na asiyeamini apande akazione.

Jina la Mama Kanuni alipewa na wafanyakazi wenzake wa kile kituo cha mbegu, naye hakulikataa. Ndiye aliyesimamia kompyuta zote za jengo, na kwake jambo lilikuwa ama limenyooka ama halijanyooka. Nyumbani mumewe alikuwa akitania kwamba hata vijiko kabatini vinasimama wima akipita. Wifi yake, mdogo wa mumewe, alikuwa ghorofa ya juu akikuza miche ya viazi juu ya jeli ndani ya chupa za kioo, chumba kikiwa kimefungwa, taa zikiwaka kutwa na kiyoyozi kikivuma. Walikuwa wameajiriwa mwaka uleule, na kwa muda mrefu watu walidhani ni ndugu wa tumbo moja, kwa jinsi walivyokuwa wakigombana juu ya sukari ya chai.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Seva ya barua pepe ya kituo ilikuwa imezeeka, na Mama Kanuni ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuhamia mpya. Ile ya zamani aliirithi kwa fundi aliyestaafu, mtu mpole waliyemwita Mzee Nyaya, ambaye hakuwahi kumfukuza mtu mlangoni. Kila barua pepe hubeba anwani ya aliyeituma: jina, ile alama ya @, kisha jina la mahali anakotoka. Pasipo hayo matatu, seva yenye akili zake huifukuza barua kabla haijaingia ndani, kwa sababu matapeli na wauza dawa za upara wa kichwa ndio wanaopenda kuficha wanakotoka. Mzee Nyaya alikuwa akipokea hivyo hivyo. Anwani ikija nusu, aliifundisha seva yake kuimalizia yenyewe. Mama Kanuni alipofungua mipangilio ile na kuona viraka vyote hivyo, alisonya peke yake. Aliona nguo iliyoshonwa na mlevi.

Sasa pale juu, kwenye chumba cha miche, ukutani palikuwa na kisanduku cha plastiki chenye kipimajoto. Joto likipanda kupita kiasi, kisanduku kilituma barua kwenye simu ya wifi yake. Anwani ya mtumaji kiliyoiandika ilikuwa “chumba cha miche”, basi, na nafasi zake katikati, bila alama, bila mahali. Ndivyo fundi wa kiwanda aliyekifunga alivyokiandika, na hicho kiwanda kimeshafungwa. Hakuna kitufe wala mlango wa kukibadilisha.

Na kilikuwa na tabia moja: mambo yakiwa mazuri, hakisemi kitu. Simu ikikaa kimya, wifi yake alilala usingizi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya kazi yao kwa miaka, na haikuwahi kuwaangusha.

“Nilikuuliza,” wifi yake alisema sasa. Sauti ilikuwa imeshuka, na kushuka kwake kulikuwa kubaya kuliko kelele. “Pale ngazini. Nilikuuliza au sikukuuliza?”

Alimuuliza. Mama Kanuni alikumbuka vizuri, wala hakuhitaji kusaidiwa. Ilikuwa kabla ya kuhamia seva mpya, yeye anashuka mbio na nyaya begani, wifi yake anapanda na beseni la chupa kiunoni. Wifi akamwambia, kwa ile sauti yake ya kuomba kama anatania, kwamba kile kisanduku chake ni cha kizamani, je, nacho kitaweza kuhama na wenzake? Apite basi akitupie jicho. Mama Kanuni, bila kusimama, akajibu kwamba tangazo lilishatumwa kwa wote, kila mwenye chombo arekebishe anwani yake. Wifi akasema hakina pa kurekebishia. Akamjibu, basi andika ombi kama wengine.

Wifi alicheka na kusema, “Haya, bosi.” Baada ya siku ile hakushuka tena na chupa yake ya chai waliyozoea kunywa pamoja. Mama Kanuni aliona pengo hilo, akajiambia kwamba wifi ana kazi nyingi.

“Ulisema utaandika ombi,” alisema, na mwenyewe akasikia jinsi maneno yalivyokuwa makavu.

“Sikuandika. Nilidhani nazungumza na wifi yangu.”

Kisha wifi yake akasema kilichomleta hasa, kwa kuwa miche ya chumba cha kwanza ilikuwa imeshakufa na hata akilia haitafufuka. Mkurugenzi alikuwa amemtaka aeleze kwa nini alitegemea chombo chakavu, kwa nini hakuja mwenyewe mwisho wa wiki kuangalia. Hilo atalijibu. Lakini kuna chumba cha pili. Humo ndimo ilimo mimea mama, ile ambayo kila mche wa kituo hukatwa kwake, viazi visivyoshikwa na ugonjwa wa kuoza, kazi aliyoianza kabla hata hajaolewa. Mimea hiyo haina nakala mahali pengine. Kiyoyozi chake ni pacha wa kile kilichozimika Ijumaa usiku umeme ulipokatika, kikakataa kuwaka uliporudi, huku taa zikiwaka zenyewe na kuichemsha miche kama mboga. Na kisanduku cha chumba cha pili ni pacha wa kile kisanduku.

“Kifungulie mlango hicho kimoja tu,” wifi yake alisema. “Mengine nitakusamehe polepole.”

Mama Kanuni alimweleza, na kila neno lilikuwa kweli. Kesho asubuhi anakuja mkaguzi wa usalama wa mitandao. Orodha yake ina swali moja wazi: je, kuna mtumaji yeyote anayepokelewa bila anwani kamili? Jibu likiwa ndiyo, hata mmoja, hati ya usalama haitoki. Bila hati, wafadhili hawataruhusu takwimu zao zipite kwenye seva hiyo, na mkurugenzi alishawaahidi. Asubiri kidogo. Mkaguzi akiondoka, watatafuta njia.

“Na joto nalo litamsubiri mkaguzi?”

Mama Kanuni aligeuka kuitazama seva.

“Haya,” wifi yake akasema. “Basi nitalala humo. Kipimajoto nitakuwa mimi.” Akatoka, na mlango, ambao siku zote ulihitaji kusukumwa, aliufunga taratibu mno.

Mchana mumewe alipiga simu. Dada yake alikuwa amempigia kwanza, na kabla ya hapo mkewe alikuwa amempigia, na sasa maskini ya Mungu alikuwa amekaa kwenye gari lake amechanganyikiwa. Alisema wote wawili wamemweleza na wote wawili wana haki, sasa yeye usiku ale kwa nani? Mama Kanuni hakucheka. Mumewe naye akaacha mzaha, akasema tu kwamba dada yake hakuwa na hasira kwenye simu, na hicho ndicho kilichomtisha.

Alipokata simu alikaa kidogo, akafunga kompyuta, akapanda ngazi.

Hakuwa amefika ghorofa ile tangu seva ihame. Chumba cha kwanza kilikuwa wazi, jambo ambalo hata siku moja halikuruhusiwa, kwa sababu vumbi ni adui wa miche. Sasa hapakuwa na cha kulinda. Rafu zilikuwa tupu upande mmoja. Upande wa pili chupa zilikuwa bado zimepangwa safu kwa safu, kila moja na lebo yake iliyoandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, na ndani ya kila moja kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kilicholala juu ya jeli kama uzi uliolowa. Harufu ilikuwa ya sufuria iliyosahauliwa jikoni. Yeye aliyejua barua ngapi zinapita katika jengo lile kwa siku hakuwa anajua kwamba mche wa kiazi ni mdogo kiasi hicho. Urefu wa kidole cha mtoto. Ameolewa ndani ya familia hii, angesema mumewe kwa utani wake, miaka yote hii, na hajawahi kuuliza.

Wifi yake alikuwa kwenye sinki, amempa kisogo, anakwangua jeli kutoka chupani kwa kijiko kirefu. Mama Kanuni alikunja mikono ya blauzi yake, akachukua kijiko cha pili. Mmoja alikwangua, mwingine akasuuza, na chupa zikapangwa juu ya taulo midomo chini, kama wanawake wawili wanaoosha vyombo baada ya wageni kuondoka. Ila wageni wenyewe ndio waliokuwa wanatupwa.

Katikati ya kazi wifi yake alisema, bila kugeuka, kwamba kundi lile lilikuwa liende kwa wakulima mwezi ujao. Wengine walishalima mashamba na kuyaacha wazi. Kisha akaendelea kusuuza.

Mama Kanuni alipokwenda kutafuta beseni jingine, alipita mbele ya chumba cha pili na kuchungulia kwa kioo. Mimea mama ilikuwa imesimama ndani ya chupa zake, kijani, myembamba, hai. Kiyoyozi kilikuwa kikigongagonga kama mtu mwenye kikohozi. Chini ya rafu ya mwisho palikuwa na mkeka uliokunjwa, sweta, na ile chupa ya chai.

Ile chupa ya chai ndiyo iliyommaliza. Alisimama akiitazama hadi kioo kikaingia ukungu wa pumzi yake.

Alirudi chini, akafungua kumbukumbu za seva, mahali inapoandika kila anayefika mlangoni na alichojibiwa. Asubuhi alikuwa ameangalia mara moja tu, kiasi cha kujua nani mwenye kosa. Sasa alisoma kama inavyosomwa habari ya msiba, mstari kwa mstari. Jumamosi, jua limeshachomoza: chumba cha miche, anwani si sahihi, amekataliwa. Baada ya kitambo: chumba cha miche, amekataliwa. Tena. Tena. Kisanduku hakikujua kimekosea nini, kwa sababu taarifa ya kukataliwa hurudishwa kwa anwani ya mtumaji, na mtumaji mwenyewe hakuwa na anwani ya kurudishiwa. Hivyo kiliendelea kubisha hodi kwa jina lile lile moja kililopewa. Jioni taa zilipojizima, chumba kikapoa, kikanyamaza. Jumapili taa zikawaka, kikaanza upya. Mistari ilijaza kioo chote cha kompyuta, akashusha, ikajaa tena.

Jumamosi ile alikuwa wapi? Swali lilikuja lenyewe, na jibu lilikuwa rahisi mno. Alikuwa nyumbani, anaanika nguo. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, kimya, na yeye alikuwa akijivunia ukimya huo. Ilikuwa mwisho wa wiki wa kwanza bila barua za bahati nasibu na saa za bei chee. Alimwambia hata mumewe: umeona, sasa tunapumua. Na wifi yake alikuwa pale pale, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anamsuka binti yao nywele, simu yake iko mezani karibu na kopo la sukari. Wawili hao walikuwa wametengana hatua chache tu, kila mmoja na simu yake iliyonyamaza, wanabishana juu ya mtindo wa nywele. Kituo hakikuwa mbali. Simu ingelia, mmoja wao angenyanyuka, na mwingine angebaki na kitana mkononi.

Na kulikuwa na jingine, baya zaidi. Kabla ya kuhama, seva mpya iliwekwa kwa majaribio, ikawa haimfukuzi mtu bali inamweka pembeni kila mwenye anwani mbovu, ili fundi akague. Rundo lilikuwa kubwa. Alichungulia juu, akaona upara wa kichwa na bahati nasibu, akafagia lote. Sasa alilitafuta lile rundo katika nakala ya akiba, akateremka chini yake kabisa. Ilikuwamo. Barua moja ya kisanduku, ya siku ambayo mlango wa chumba ulisahauliwa wazi kidogo. Ilikuwa imekaa pale kati ya matapeli, na ombi ambalo alimtaka wifi yake aliandike lilikuwa limeshamfikia mezani. Yeye ndiye aliyelitupa.

Alimpigia mkurugenzi. Alieleza kwa ufupi, kama ilivyokuwa kawaida yake, kwamba anataka vyombo vya ndani ya jengo vyenye anwani pungufu vipokelewe, seva ivimalizie anwani kisha ipitishe barua. Watu wa nje waendelee kuzuiwa kama walivyo. Mkurugenzi alimsikiliza, akasifia wazo, akasema lifanyike keshokutwa, mkaguzi akishaondoka na hati ikishatoka. Siku mbili si kitu. Hata yeye mwenyewe, Mama Kanuni, si ndiye aliyesema mwezi uliopita kwamba kanuni ikitobolewa mara moja imekuwa chujio?

Ndiye aliyesema. Tena mbele ya kikao kizima, na watu walicheka.

“Nilisema,” alijibu. “Sasa naitoboa. Nimekupigia ili usije ukasikia kwa mkaguzi kwanza.”

Mkurugenzi akauliza kama anaelewa kwamba hati ikikosekana, jina litakaloandikwa ni lake. Alisema anaelewa. Aliiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini, akaanza.

Haikuwa kazi kubwa. Hicho ndicho kilichomuuma vidole vilipokuwa vikiandika. Alitaja vyombo vinavyoruhusiwa, vya ndani ya jengo tu. Akaandika kwamba anwani isiyo na alama iwekewe alama, isiyo na mahali ipewe jina la kituo, na nafasi za katikati zizibwe. Ni viraka vile vile vya Mzee Nyaya, ila vya kwake vilikuwa na pindo. Juu yake, mahali ambapo mkaguzi hawezi kupita bila kuona, aliandika kwa maneno ya kawaida kwamba mlango huu umefunguliwa kwa makusudi, na msimamizi wa seva, na kwa sababu gani. Akaiwasha seva upya. Chai ingekuwa mezani, isingekuwa imepoa.

Alipanda tena. Wifi yake alikuwa ameshaingia chumba cha pili, amevaa sweta, amekaa juu ya mkeka na magoti kidevuni.

“Simu yako iko wapi?” Mama Kanuni aliuliza.

“Mfukoni. Inafanya nini siku hizi?”

“Itoe.”

Mama Kanuni alivua viatu mlangoni kama ilivyotakiwa, akanawa mikono, akaenda ukutani kwenye kisanduku. Waya wa kipimajoto ulikuwa unaning'inia, na mwishoni kulikuwa na kichwa cha chuma kidogo kama punje ya mahindi. Alikifumbata kiganjani. Kilikuwa baridi. Akafumba mkono wa pili juu yake na kusubiri, uso umeelekea ukutani, mikono imekutana kifuani kama mtu anayeomba jambo. Taratibu chuma kikaanza kupata joto lake.

Kijitaa chekundu kikawaka juu ya kisanduku. Nyuma yake simu ikalia.

Wifi yake alisoma kwa muda mrefu barua ambayo ilikuwa na maneno mawili. Kisha akaiweka simu juu ya mkeka.

“Kumbe ni kazi ndogo hivi,” alisema.

“Ndiyo, wifi. Ndogo hivi hivi.”

Mama Kanuni aliendelea kukishika kile kichwa cha chuma, ingawa jaribio lilikuwa limekwisha. Alisubiri aambiwe neno jingine, la kumpoza au la kumchoma, lolote. Halikuja. Wifi yake alifungua chupa ya chai, akamimina kikombe kimoja, akanywa nusu, kisha akakisukuma kile kikombe sakafuni hadi kikafika karibu na miguu ya Mama Kanuni. Lakini mkeka hakuukunja, na sweta hakulivua, naye Mama Kanuni hakumwambia arudi nyumbani.

Alikiachia kipimajoto kipoe, akaketi chini, akachukua kikombe.